Mionzi Isiyoficha Ilikopita

Nyota kubwa yenye joto kali haitulii. Mwanga wake huisukuma gesi ya juu yake hadi ikavuma angani kwa kasi inayoweza kupita kilomita 1,000 kwa sekunde. Ikiwa pembeni yake inazunguka nyota ya nyutroni, ndogo kama mji lakini nzito kuliko Jua, sehemu ya upepo huo huiangukia, hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Eksirei hizo nazo lazima zipite katika upepo uleule kabla ya kutufikia. Njiani gesi hunyakua baadhi yake na kuacha alama: chuma alama yake, silikoni yake. Wataalamu huzichambua alama hizo wakajua gesi ina nini, na zinavyosogea huonyesha inakwenda kasi gani.

Utaalamu huo hauko mbali nasi: hapa Rayners Lane, London, tunapanda treni ya Metropolitan hadi Euston Square, jirani na University College London. Maabara ya Mullard ya chuo hicho iliunda kimojawapo cha vyombo vya setilaiti ya Ariel V, nacho kikaona alama ya chuma katika gesi ya kundi la galaksi la Perseus. Ariel V ilirushwa tarehe 15 Oktoba 1974 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, pwani ya Kenya.

Kutoka hapohapo, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, ilipaa setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Wamarekani wakaiita Uhuru, kuwashukuru wenyeji. Ndiyo iliyobaini kuwa Centaurus X-3, nyota ya nyutroni ya aina hiyo niliyoieleza, hupigapiga kila sekunde 4.8 na hufichwa na nyota mwenzake kila siku 2.1. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobeli mwaka 2002.

Mionzi iliyopita katika gesi haifichi ilikopita. Naamini elimu nayo inadaiwa uaminifu huohuo: itaje pwani iliyoipitisha. Waliochagua jina la Uhuru walitimiza haki hiyo, na ninawaheshimu kwa hilo. Sehemu iliyobaki ni yetu, maana heshima tusiyoijua hatujaipokea. Mzazi mwenzangu, mweleze mwanao kilichorushwa Malindi, naye akipenda fizikia, usimwambie si ya kwetu.