Juu ya Kujenga Upya Kilichobomolewa na Vita

Barazani, juma lililopita, bwana mmoja mwenye ilimu nyingi alihukumu ya kuwa Kasri la Kifalme la Warsaw, mji mkuu wa Poland, ni kitu bandia, kwa sababu hilo lisimamalo leo silo lile lililoteketea vitani. Waliohudhuria wakamwitikia kwa vichwa, nami nikaondoka na ghadhabu ambayo hata sasa haijanitoka.

Kitu halisi, wasema wanafalsafa, ni kile kilichobaki na dhati yake. Nami sina ugomvi na maelezo hayo. Ugomvi wangu ni na yeye adhaniye kwamba dhati ya nyumba ni mawe yake tu.

Tarehe 17 Septemba 1939 mizinga ya Wajerumani ililitia moto kasri lile, na saa ya mnara wake ikasimama saa tano na robo za asubuhi. Walipokwisha kuuteka mji, Wajerumani wakatoboa katika kuta matundu kwa maelfu ya kutilia baruti. Na wafanyakazi wa makumbusho, wakiongozwa na Profesa Stanisław Lorentz, wakazihatarisha roho zao kuokoa picha, nakshi za mawe na vipande vya mapambo. Septemba 1944 baruti ikawashwa, na kasri ambamo Katiba ya tarehe 3 Mei 1791 ilipitishwa likawa kifusi. Mwaka 1971 ikakatwa shauri lijengwe. Wananchi wakachanga, wa nyumbani na wa ughaibuni. Mwaka 1984 milango ikafunguliwa, na vipande vile vilivyookolewa vimetiwa ndani ya kuta mpya.

Basi huyu asemaye “bandia” atwambie: ikiwa jengo lililobomolewa kwa kusudi haliwezi kamwe kuwa lenyewe tena, je, hatukumpa mbomoaji, juu ya uwezo wake wa kuharibu, mamlaka ya kutoa hukumu ya milele, hata mnyang'anyi akawa kadhi wa mali aliyoinyang'anya? Tena bandia hufanywa ili mtu adanganyike, na watu wa Warsaw hawakumdanganya mtu, kwani mwaka wa kujengwa kwake haukufichwa. La kuniudhi zaidi ni kwamba hoja hii yawafuta wale waliookoa vipande, ambao kwa hakika walikwisha kuanza kulijenga kasri kabla halijabomolewa. Nia ya kulirudisha ilitangulia maangamizi yake, na nia hiyo haikukatika hata siku moja, ingawa kuta zilikatika.

Wako wasemao kwamba fedha ile ingaliwafaa wasio na makazi, na wako waulizao kwa nini likachaguliwa umbo la karne ya 17 na 18 badala ya lile la mwisho. Hao wana haki ya kujibiwa.

Lakini niacheni niseme kidogo juu ya saa, kwani minara ya saa hunivuta daima. Ile ya Warsaw ilianza tena kwenda tarehe 19 Julai 1974, saa tano na robo ile ile. Kwetu Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zililipiga kasri la Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, mojawapo ya majumba ya kasri hilo, ikaangamia isijengwe tena, na mwaka uliofuata jumba jirani la Beit al-Ajaib likapewa mnara wa saa usoni pake. Mnara huo haukuwapo kabla ya vita, lakini vizazi vikauhesabu kuwa ndiyo sura ya mji. Na ulipoanguka Desemba 2020, sikusikia mtu akisema kuwa kilichoanguka ni bandia.

Je, Beit al-Hukm nayo yastahili kujengwa? Hapo nasita, kwa maana walioijua wamekwisha kufa wote, na huenda nia nayo ina ajali yake kama wanadamu. Hilo sijalimaliza moyoni. Nimwombalo msomaji ni hili: kabla hujaliita jengo bandia, uliza kwanza ni nani aliyelibomoa, na ni nani aliyeokota vipande vyake.