Nani Ana Haki ya Kuicheka Nebraska?

Mwezi wa Februari timu yetu haifungwi. Machi haifungwi, Aprili haifungwi, na ikifika Julai tumeshatwaa ubingwa mara mbili: mara moja katika chumba cha chai kazini, mara ya pili kwenye foleni ya kinyozi. Mambo huanza kuharibika mwisho wa Agosti, pale mechi zinapoanza.

Naishi Lincoln, makao makuu ya jimbo la Nebraska, katikati kabisa ya Marekani. Nilikuja hapa kutoka Tabora nikidhani mpira ni ule wa miguu. Nilipokuta watu wazima wamevaa mahindi ya plastiki kichwani, nikajua nimefika ugenini. Jimbo hili halina timu katika ligi kuu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, kwa hiyo timu ya chuo kikuu ndiyo timu ya kila mtu: mkulima, mchungaji, daktari, na mimi ninayesaidia wazee kuoga na kula katika nyumba ya kulelea wazee. Tangu mwaka 1962 tiketi za uwanja wao huuzwa zote, mechi baada ya mechi. Watu hapa husema kwamba siku ya mechi uwanja huo unakuwa mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo zima, baada ya Omaha na Lincoln. Wakisema hivyo hawatanii. Wanatania kwenye mambo mengine.

Na mambo ya kutania wanayo. Hii ni timu iliyochukua ubingwa wa taifa mwaka 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Mwaka 2003 ikamfukuza kocha aliyekuwa ameshinda mechi tisa na kufungwa tatu, kwa kuwa tisa hazikutosha. Mwaka 2014 ikamfukuza mwingine ambaye hakuwahi kumaliza msimu na ushindi chini ya tisa. Kisha kuanzia 2017 hadi 2023 ikakaa misimu saba mfululizo bila kufika hata kwenye zile mechi za mwisho wa mwaka ambazo Wamarekani huziita mabakuli, na ambazo timu ikishinda nusu tu ya mechi zake kwa kawaida hualikwa. Mzee mmoja ninayemhudumia huniambia, "Tuliomba nyama, tukamwaga mchuzi, sasa hatuna hata bakuli."

Msimu wa 2021 walifungwa mechi tisa kati ya kumi na mbili, na hakuna hata moja waliyofungwa kwa tofauti ya zaidi ya pointi tisa. Ukijumlisha pointi zote za msimu, walifunga nyingi kuliko walizofungwa. Kushindwa kwa namna hiyo kunahitaji kipaji. Mwaka uliofuata walisafiri hadi Dublin, Ireland, kufungua msimu. Wakiwa wanaongoza kwa pointi kumi na moja, kocha akaamua kupiga teke fupi la kubahatisha ili waupate mpira tena. Hawakuupata, na mechi ikaisha 31 kwa 28 dhidi yao. Siku hiyo mitambo ya malipo uwanjani iliharibika, watu wakapewa bia bure. Mashabiki wa Nebraska ndio watu pekee ninaowajua ambao walivuka bahari, wakalewa bure, na bado wakarudi nyumbani na huzuni.

Wiki mbili baadaye kocha huyo, Scott Frost, akafukuzwa. Alikuwa mtoto wa nyumbani, nyota wa ule ubingwa wa 1997. Kama chuo kingengoja hadi tarehe 1 Oktoba, fidia yake ingeshuka kutoka takriban dola milioni 15 hadi milioni 7.5. Hawakungoja. Majira yale ya baridi kazini kwetu hakuna aliyekunywa chai bila kuuliza: wewe ungelipa kiasi gani ili uache kuumia wiki tatu mapema?

Huo ndio ucheshi wa msimu wa mapumziko, na mimi niliuelewa mapema kuliko nilivyozielewa sheria za mchezo wenyewe, kwa sababu nilikwisha kuuona nyumbani.

Baba yangu alipofariki, mtani wetu mmoja wa Kizaramo aliwasili msibani akiwa amevaa koti la marehemu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tuna utani wa tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mzee yule akatembea kama baba, akakohoa kama baba, akalalamikia chumvi ya mboga kama baba. Akazuia jeneza mlangoni akidai deni ambalo halikuwapo. Mama, ambaye hakuwa amekula siku mbili, alicheka hadi akashika ukuta. Halafu yule yule aliyekuwa akitukana marehemu akavua koti, akachukua jembe, akaenda kuchimba kaburi na wenzake.

Nilikuwa kijana na sikuelewa kwa nini hakuna aliyemkasirikia. Mjomba akanieleza: mtani ana ruhusa ya kusema lolote, lakini ruhusa hiyo ina bei. Kwanza, unaweza kumrudishia. Ukifa mtu kwake, wewe nawe utakwenda kuvaa koti. Pili, akishacheka lazima afanye kazi. Mtu anayekuja msibani kucheka tu, kisha akala pilau na kuondoka, huyo hana utani. Ana dharau.

Kwa hiyo nilipofika Lincoln na kukuta watu wakiicheka timu yao kuanzia Januari hadi Agosti, nikasema hawa ni watani. Nikavaa koti na mimi.

Majira ya baridi moja, kijana mmoja alitangaza kuwa anahama. Siku hizi wachezaji wa vyuo wana dirisha la usajili kama la kwetu. Tangu 2018 kuna orodha ambayo anayetaka kuhama huandikwa jina lake humo. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara ya kwanza bila kukaa nje msimu mzima, na 2024 kikomo cha idadi kikaondolewa. Kila majira ya baridi majina hutoka na kuingia, na kila jina ni mzaha mpya. Kijana huyu hakuwa na jina kubwa. Alikuwa mmoja wa wale wanaojiunga na timu bila ufadhili, jambo ambalo Nebraska inajivunia mno. Sikuwahi kumwona akicheza hata dakika moja.

Nikasema, mbele ya watu sita, mkono wangu mmoja ukiwa na kikombe: "Pigo kubwa hili. Tumempoteza mkaaji bora wa benchi katika jimbo zima. Benchi lenyewe limekataa kula."

Watu watano walicheka. Wa sita alikuwa mama wa makamo wa zamu ya usiku, mtu mpole ambaye hunisaidia kuwageuza wagonjwa wazito. Alikunja kitambaa chake, akasema bila kupandisha sauti: "Ni mtoto wa dada yangu. Amelipa ada yake mwenyewe miaka mitatu ili avae ile jezi. Sasa amepata mahali watakapomsomesha. Mama yake amelia kwa furaha wiki nzima."

Akaenda kuanza kazi. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha ulikuwa wangu.

Ningeweza kujitetea, na nilijitetea, usiku kucha nikibadilisha mashuka. Utetezi wa kwanza: sikujua. Lakini kutojua hakunisaidii. Mtani hujua anamtania nani. Yule mzee wa Kizaramo alilijua kohozi la baba yangu. Mimi sikujua hata kijana yule anatoka mji gani, na bado nilivaa koti lake.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi, na nausikia kila siku kwa mashabiki wenzangu: siku hizi wanalipwa. Ni kweli. Hadi Julai 2021 mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kupata hata senti kwa kutumia jina na sura yake mwenyewe, ilhali jezi zinauzwa na makocha wanalipwa mamilioni. Sasa anaruhusiwa, na Juni 2025 jaji aliidhinisha makubaliano yanayoviwezesha vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Basi, wanasema, anayepokea mshahara apokee na matusi. Huwezi kula vya mtu mzima kisha ukataka kubembelezwa kama mtoto.

Kuna ukweli humo. Anayelipwa kwa kazi anaweza kuulizwa kuhusu kazi. Nikilipwa kumwogesha mzee na nikamwacha mchafu, bintiye ana haki ya kuja juu. Lakini hana haki ya kunicheka kwa kuwa nimepata kazi bora zaidi mtaa wa pili. Mshahara hununua kazi ya mtu, na haki ya kuikosoa. Haununui uaminifu wake, wala ruhusa ya kumdhihaki. Na kijana yule, kumbuka, alikuwa halipwi. Yeye ndiye aliyekuwa akilipa.

Tena ukitazama nani alianza kuvunja uaminifu katika ndoa hii, si vijana. Sisi ndio tuliofurahia kufukuzwa kwa makocha wenye ushindi wa mechi tisa. Sisi ndio tulioona ni sawa kuvunja mkataba kwa mamilioni ili tusingoje wiki tatu. Mwaka 2025 kocha Matt Rhule alifuta mechi ya kawaida ya majira ya kuchipua, ile ambayo timu hujigawa na kucheza yenyewe kwa yenyewe mbele ya umati, na sababu mojawapo aliyoitoa ni hofu kwamba timu nyingine zingewaona vijana wake na kuwarubuni. Tulicheka sana kazini: tumefikia hatua ya kuficha mabinti ndani wasionwe na waposaji. Lakini sisi wenyewe tuna wachezaji kadhaa tuliowaposa kwenye nyumba za watu.

Hapo nikaona mipaka yangu. Chuo nakicheka, kwa kuwa kinaweza kunijibu. Kina uwanja, kina pesa, na kila Agosti hunijibu kwa kunipandishia bei ya tiketi. Kocha anayepewa mamilioni ili aondoke namcheka, na nadhani ananisamehe akiwa mahali penye jua. Jimbo zima nalicheka, kwa kuwa sasa ni langu, na likifungwa nafungwa nalo. Lakini kijana wa miaka ishirini hawezi kunirudishia. Hajui kama nipo. Hata aibu yangu haijui. Mzaha unaokwenda upande mmoja tu si utani, hata ukichekesha kiasi gani.

Nakiri mfano wangu una tundu. Kwa desturi, wafiwa hawatanii. Anayetania ni wa upande wa pili. Ukifuata hivyo, sisi wa Nebraska hatuna ruhusa ya kujicheka. Ruhusa hiyo ni ya watu wa Iowa, majirani zetu wa mashariki, ambao kusema kweli wanaitumia ipasavyo kila mwisho wa Novemba. Lakini nimewahi kuona watu wa Iowa wakija kuchimba kaburi? Wanakuja, wanacheka, wanakula pilau, wanarudi kwao. Basi kazi ya jembe imebaki kwetu, na labda ndiyo maana na koti tumelivaa wenyewe. Miaka ile saba ya njaa tiketi bado ziliuzwa zote. Lile ndilo jembe letu. Aliyekaa uwanjani kwenye baridi ya Novemba akitazama mechi ya tisa ikipotea ameilipia ruhusa yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye joto, na kikombe cha chai.

Nilimwomba yule mama msamaha kesho yake. Akasema, "Haya," neno ambalo kwa lugha yake pia linaweza kumaanisha haya au bado. Nikamuuliza timu mpya ya kijana inacheza lini. Akaniangalia kama anayetafuta mtego, kisha akanitajia.

Ilipofika Septemba, Jumamosi moja ya zamu yetu sote wawili, tulitumia nusu saa ya mapumziko kutazama mechi yao kwenye simu yake, tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Jezi ilikuwa ya rangi nisiyoizoea. Robo nzima hatukumwona. Kisha kamera ikapita pembeni mwa uwanja na shangazi mtu akaigusa simu kwa kidole: yule pale, kofia ya chuma mapajani, amekaa.

Sikusema kitu. Nilikuwa nimejifunza.

Yeye akanywa chai yake taratibu, akatazama picha ile mpaka ikapita, akasema: "Anakaa vizuri, sivyo? Ulisema kweli."

Nilimtazama usoni kwanza. Alipoanza yeye kucheka, ndipo nami nikacheka.