Kuua Ndani ya Gemu: Je, Ni Dhambi?

Majuzi baada ya ibada mama mmoja alinivuta kando. Kijana wake hushinda saiba hapa Kisian akirusha ndege za kivita kwenye kompyuta na kuangusha za wenzake. "Mwalimu, hiyo si kuua?"

Nikacheka kidogo, halafu nikanyamaza. Kabla sijaokoka nilicheza Combat Flight Simulator ya Microsoft, ile ya 1998, kisha IL-2 Sturmovik ya 2001. Nilizipenda, sitawadanganya. (Ndege ikielekea uwanja wa Kisumu bado nainua macho.) Siku hizi kuna DCS World, na humo unaweza kurusha F-5E. Jeshi letu la anga pia hutumia F-5.

Daudi alimuua Uria kwa barua, 2 Samweli 11, bila kusikia kilio chake. Umbali haukumpunguzia hatia. Lakini Uria alikuwepo, alikuwa na mke na nyumba. Kwenye gemu hakuna Uria. Kwa hiyo siwezi kumwita kijana huyo muuaji, na asiitwe hivyo hapa kanisani.

Ila Yesu katika Mathayo 5 haishii kwenye maiti, anaingia mpaka kwenye hasira na matusi. Kijana anayejifunza kwamba ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi inaanguka, huyo anasoma. Anayemtukana mwenzake mtandaoni, yule ni mtu wa kweli. Hapo Uria yupo.

Kuna jambo lingine linanisumbua zaidi. Agosti 1, 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, marubani kule Nanyuki walishurutishwa kwa bunduki warushe F-5 wakapige mabomu Nairobi. Wakaenda kuyamwaga msitu wa Mlima Kenya. Hebu fikiria, mtu ameshikiwa bunduki na bado anakumbuka kuna watu kule chini! Sasa fanya hivyo kwenye gemu. Itakuandikia umeshindwa. Saa kwa saa, mwezi kwa mwezi, kijana anafundishwa kwamba aliyekataa kupiga ndiye aliyeshindwa.

Nikamwambia mama, usimfungie mlango. Siku moja kaa kando yake, mwombe ayamwage mabomu msituni, usikie atasemaje.

Bado hajarudi kuniambia.