Kuhesabu Wasio Wetu: Ndege Mbuai Wapitao Katavi

Kati ya Oktoba na Desemba, mvua za kwanza zinapoinyeshea Mpanda na kumbikumbi wanapotoka ardhini, anga la Katavi, magharibi mwa Tanzania, hupokea wasafiri. Ni ndege mbuai, yaani wale wenye makucha ya kunyakulia: tai-nyika waliozaliana Kazakhstan na kusini mwa Urusi, tai-madoa wadogo wa Ulaya ya Mashariki, na mwewe, vipanga na kozi wa aina kadhaa. Wengine hukaa, wengine huendelea hadi Zambia na nchi zilizo kusini zaidi. Wengi wao husafiri mchana, kwa kuwa husubiri jua liipashe ardhi moto na hewa ianze kupanda. Huzunguka ndani ya hewa hiyo hadi juu sana, kisha huteleza masafa marefu bila kupiga mabawa. Juu ya maji mapana hewa ya namna hiyo ni haba, ndiyo maana tai na mwewe wenye mabawa mapana hukwepa bahari na maziwa makubwa na kusongamana kwenye mapito ya nchi kavu au yenye maji membamba: Bosporus, Suez, Bab el-Mandeb.

Mapito hayo, pamoja na safu za milima zenye upepo wa kufaa, yamekuwa vituo vya kuhesabia. Mwaka 1934 Rosalie Edge alikodi mlima mmoja huko Pennsylvania, Marekani, ambako wawindaji walikuwa wakikusanyika kila mwaka kuwapiga risasi mwewe wapitao. Bunduki zikakatazwa, na juu ya majabali yale yale Maurice Broun akaanza kuandika idadi ya ndege waliopita. Mlima huo, Hawk Mountain, unahesabu hadi leo. Mwezi Oktoba na Novemba 1987, waangalizi waliokaa upande wa Jibuti wa Bab el-Mandeb walihesabu ndege mbuai zaidi ya 240,000 wakiingia Afrika, karibu theluthi moja yao tai-nyika. Tangu mwaka 2008 wapenda ndege wa mataifa mengi hukutana Batumi, nchini Georgia, na huko msimu mmoja huweza kuleta zaidi ya milioni moja.

Katavi haina lango la namna hiyo. Ndege wanapofika nyanda za Rukwa na Katuma wameshatawanyika, na mtu anaweza kukaa kilimani siku nzima asione msafara wowote. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, ina kilomita za mraba 4,471, na nje yake kuna miombo mikubwa vilevile. Hesabu katika nchi kama hii hufanywa barabarani: gari huenda polepole kwenye njia ile ile msimu baada ya msimu, na kila ndege huandikwa pamoja na mahali alipoonekana. Ndivyo tumbusi walivyohesabiwa katika mandhari ya Ruaha na Katavi na watafiti wa North Carolina Zoo wakishirikiana na shirika la Wildlife Conservation Society (WCS), huku baadhi ya ndege wakivishwa vifaa vya setilaiti. Kwa upana zaidi, Atlasi ya Ndege wa Tanzania iliyoasisiwa na Neil na Liz Baker katika miaka ya 1980 iliigawa nchi katika miraba ya nusu digrii na kupokea taarifa za kila aliyeona ndege na kuweza kumtambua, awe mtafiti, mwongoza watalii au mgeni. Jumuiya ya watazama ndege wa magharibi mwa Tanzania ni ya watu wachache walio mbalimbali, wanaounganishwa na orodha wanazozituma mahali pamoja.

Nyuma ya kazi hiyo kuna swali ambalo dini zililiuliza zamani kabla ya sayansi ya ndege kuwapo: mwanadamu ana haki gani ya kuwahesabu viumbe ambao hakuwaumba na hawamiliki?

Shaka juu ya kuhesabu ni ya kale. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 24, mfalme Daudi anaamuru watu wahesabiwe. Yoabu, jemadari wake, anasita. Hesabu inafanyika, na tauni inafuata. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na tahadhari yake. Miongoni mwa Wamasai na Wakikuyu, kwa kutaja jamii mbili tu, kuhesabu watoto au mifugo waziwazi kulionekana kuwa kunaita balaa. Maelezo ya hofu hiyo hutofautiana. Wako wanaosema idadi huamsha husuda, na wako wanaosema aliyekwisha kutaja jumla amejifanya mwenye kauli ya mwisho juu ya uhai. Simulizi ya Daudi inatoa dokezo linaloelekea upande huu wa pili, kwani Yoabu aliporudi alileta idadi ya wanaume wenye kufuta upanga. Waliohesabiwa walikuwa wamegeuzwa nguvu za mfalme. Kosa, kwa usomaji huu, liko katika nia: mtu anahesabu apate kujua ana kiasi gani cha kutumia.

Mwiko wa mfugaji una upande mwingine ambao haupewi uzito unaostahili. Mfugaji asiyehesabu anajua. Ng'ombe wanapoingia zizini jioni, yeye hutazama rangi, pembe na mwendo, na papo hapo hutambua kwamba fulani hayupo. Hahitaji idadi kwa sababu anazijua nyuso, na ujuzi huo ni mkubwa kuliko wa tarakimu. Anayehesabu ng'ombe wake huenda akakosea kwa mmoja asijue ni yupi. Anayewajua mmoja mmoja hakosei.

Sasa tai-nyika anayepita juu ya kijiji cha Sitalike hana uso kwa mtu yeyote aliye chini. Akifa kwa umeme kwenye nguzo huko Asia ya Kati, au kwa mzoga uliotiwa sumu popote njiani, hakuna kaya itakayosema jioni kwamba fulani hakurudi. Mwakani watapita wengine wanaofanana naye kabisa, na anga litaonekana vilevile. Kutoweka kwa viumbe wa namna hii kuna ubaya wa pekee, kwa maana hakuachi pengo linaloonekana. Njia pekee ya kutambua asiyekuwepo ni kujua walikuwa wangapi. Idadi, ambayo kwa mfugaji ni upungufu wa ujuzi, kwa ndege apitaye inashika nafasi ya uso.

Utafiti uliochapishwa Januari 2024 katika jarida la Nature Ecology & Evolution, ukiongozwa na Phil Shaw na Darcy Ogada, unaonyesha jambo hilo kwa uzito wake. Waandishi walikusanya hesabu za barabarani kutoka nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, zilizorudiwa baada ya miongo miwili hadi minne. Kati ya aina 42 za ndege mbuai walizozichunguza, asilimia 88 zilikuwa zimepungua, na ndege wakubwa walipungua zaidi kuliko wadogo. Nje ya maeneo yaliyohifadhiwa hali ilikuwa mbaya kuliko ndani. Mkulima au dereva aliyeishi miaka yote hiyo kando ya barabara zile angeweza kuapa kwa moyo safi kwamba tai wapo, kwa kuwa kila mwaka aliwaona. Wale wa mwanzo walioandika idadi, wengine bila kujua itatumika kwa nini, ndio waliowezesha hasara hiyo kujulikana.

Je, hasara hiyo ni ya nani? Jibu la haraka ni la manufaa: ndege mbuai hula panya, nyoka, nzige, na tumbusi husafisha mizoga. Katavi inalo tukio linalolipima jibu hilo vizuri. Nyanda za Katavi, Rukwa na Malagarasi ni mazalia ya nzige wekundu, na korongo, tai na kozi huwafuata nzige hao kwa wingi. Mwaka 2009, makundi ya nzige yalipoanza kutishia nchi za jirani, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyizia takriban hekta 10,000 katika nyanda hizo kwa kutumia kuvu anayeua nzige, badala ya sumu ya kemikali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa ya kibiolojia kutumika dhidi ya nzige kwa kiwango kikubwa hivyo barani Afrika, nayo ilifanya kazi. Ikiwa thamani ya kozi inatokana na nzige anaowala, basi siku kuvu atakapoweza kazi yote, kozi atakuwa amepoteza haki ya kuwepo. Hakuna mtazama ndege wa kweli anayekubali hitimisho hilo, na hafai kulikubali. Manufaa ni kweli, lakini hayawezi kubeba uzito wote.

Sheria za dini zina jambo la ajabu hapa. Mambo ya Walawi, sura ya 11, inawataja tai, mwewe na kipanga kwa aina zao miongoni mwa wasioliwa. Mafundisho ya Mtume Muhammad nayo yanakataza kula ndege mwenye kucha za kuwindia. Hivyo katika mila zote mbili ndege mbuai ametolewa nje ya sufuria ya mwanadamu, na bado vitabu vyenyewe vinamrudia kwa heshima. Katika Ayubu, sura ya 39, Mungu anamuuliza mwanadamu iwapo ni kwa akili yake mwewe hupaa na kunyoosha mabawa kuelekea kusini. Sura ya Al-Mulk inawaelekeza watu wawatazame ndege walio juu yao, wakikunjua na kukunja mabawa, wakishikwa na Mwingi wa Rehema peke yake. Sura ya Al-An'am inakwenda mbali zaidi: ndege na wanyama ni umma kama wanadamu walivyo umma. Kiumbe aliye umma anaweza kuhesabiwa kama watu wanavyohesabiwa, kwa ajili ya kujulikana hali yake. Hawezi kuhesabiwa kama magunia ya mahindi ghalani.

Hata jina la Katavi linatokana na wazo la karibu na hilo. Katabi ni mzimu wa Wabende, ambaye kwa masimulizi hukaa katika mkwaju kando ya ziwa Katavi, na watu wameacha sadaka chini ya mti huo wakiomba baraka zake. Anayeomba kabla ya kutwaa amekiri kwamba anachokitaka kina mwenyewe. Mkristo na Mwislamu wa Mpanda watamtaja mwenyewe huyo tofauti na alivyotajwa chini ya mkwaju, na tofauti yao si ndogo; ila juu ya hoja hii ya umiliki wote watatu wanasimama upande mmoja, na hesabu ya mtu aliye upande huo ni hesabu ya mtunza amana.

Amana ina masharti, na sharti la kwanza ni ukweli. Ndege aliye mbali, jua likiwa nyuma yake, mara nyingi hawezi kutambuliwa: tai-nyika kijana na tai-madoa mdogo wamewatatiza hata wazoefu. Kanuni ya vituo vyote vizuri ni kumwandika kama tai asiyetambulika. Kishawishi cha kumpa jina la ndege adimu ni kikubwa, hasa kwa mtu aliyekaa juani tangu asubuhi na ana wenzake wa kuwasimulia. Sharti la pili ni kuandika sifuri. Siku ambayo hakuna kilichopita ina thamani sawa na siku ya mamia, na daftari lenye siku njema tu hupotosha zaidi kuliko kutokuwa na daftari. Sharti la tatu ni kutomhesabu mara mbili ndege anayezunguka. Katika mambo haya mhesabuji yuko peke yake. Hakuna atakayerudi kukagua anga la jana. Kwa sababu hiyo kazi hii inafanana na ushahidi mbele ya hakimu zaidi ya inavyofanana na mchezo, ingawa wengi huiingia kwa kuipenda tu.

Linabaki suala la wajibu unaovuka mipaka. Kozi wa Amur huzaliana mashariki ya mbali ya Urusi na kaskazini mwa China, hupumzika kaskazini-mashariki mwa India, kisha huvuka bahari hadi Afrika Mashariki na kuendelea kusini. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba makumi ya maelfu yao walikuwa wakinaswa kwa nyavu karibu na bwawa la Doyang, Nagaland, wakauzwa na kuliwa. Nagaland ni jimbo lenye Wakristo wengi, na makanisa yalikuwa miongoni mwa sauti zilizowaambia wanavijiji kwamba wamepewa wageni wa kuwatunza. Msimu uliofuata nyavu ziliondolewa. Wanavijiji hao waliacha kipato halisi kwa ajili ya ndege ambao wangeonekana tena na watu wa Afrika wasiowajua. Tanzania, kama mwanachama wa Mkataba wa Bonn wa mwaka 1979 juu ya wanyama wahamao, imefungwa na deni la namna hiyo kwa maandishi, lakini deni lenyewe lilikuwepo kabla ya saini.

Deni haliwezi kudaiwa bila kujulikana mahali lilipoingia. Ndege aliyehesabiwa akiondoka Batumi mwezi Septemba na asiyerudi majira ya kuzaliana amefia mahali fulani kati ya Georgia na kusini mwa Afrika. Kadiri njia hiyo inavyokosa watu wa kuandika, ndivyo kila nchi inavyoweza kusema kwa haki kwamba kifo hakikutokea kwake. Magharibi mwa Tanzania, kati ya ziwa Tanganyika na reli ya Kaliua hadi Mpanda, ni sehemu mojawapo ya njia hiyo yenye madaftari machache kuliko inavyohitajiwa.