Lugha Iliyoishi Zaidi ya Sababu Yake

Aprili 2000, mwandishi wa programu Joel Spolsky wa New York aliwakaripia Netscape kwa kukitupa kivinjari chao na kuanza kukiandika upya. Msimbo wa zamani, alisema, umebeba miaka ya kasoro zilizokwisha kurekebishwa. Ukiutupa, umetupa na marekebisho yake. Alisema kweli. Ila kampuni yake mwenyewe, Fog Creek, ikaja kunasa kwenye mtego wa upande wa pili.

Fog Creek iliuza FogBugz, programu ya kufuatilia kasoro, iliyoandikwa kwa lugha ya VBScript ya Microsoft kwa ajili ya seva za Windows. Wateja wa Linux nao waliitaka. Kuandika kila kitu mara mbili ni wazimu, kwa hiyo wakaunda kompaila, yaani programu ya kutafsiri msimbo, ya kuigeuza VBScript kuwa PHP, lugha inayokubali kwenye Linux. Hapo sina neno nao, ilikuwa akili.

Lakini ukishakuwa na kompaila yako, mkono huwasha. VBScript haina hiki? Tukitie. Haina kile? Nacho tukitie. Kufikia 2006 ilikuwa lugha kamili yenye jina, Wasabi, na Spolsky akaitangaza katika makala ileile alimowashauri wenzake washike lugha zilizokwisha kukomaa. Wapo waliodhani anatania.

Baadaye FogBugz ikahamia .NET, jukwaa la Microsoft, na programu iitwayo Mono ikaipeleka .NET hadi kwenye Linux. Sababu ya Wasabi ikafa, Wasabi ikabaki. Kila mwajiriwa mpya alilazimika kujifunza lugha isiyo na kitabu dukani, isiyotambuliwa na zana za kawaida, na ambayo isingemsaidia kupata kazi kwingine. Swali la kuikarabati au kuiacha lilipaswa kuulizwa siku ile Mono ilipotosheleza kazi hiyo, si baada ya watu kuchoka.

Walipoamua kuizika, karibu miaka 10 tangu itangazwe, hawakuandika upya. Waliifanya kompaila yenyewe itoe msimbo wa C#, lugha ya .NET, wakisaidiwa na Roslyn, kompaila ya C# ya Microsoft, kisha wakaendelea na C# hiyo. Kazi ya namna hii ina kero zake ndogondogo. Kompaila kwa kawaida huyatupa maelezo ambayo waandishi huachiana ndani ya msimbo, maana mashine haiyahitaji. Atakayeurithi msimbo huo anayahitaji, tena hasa yale ya kwa nini mstari fulani usiguswe.