Ramadhani, siku ya 17: Nani alichagua kilichomo kwenye kikapu?



Ndugu yangu uliyefunga, leo tuangalie vikapu vya futari tunavyogawa. Umewahi kujiuliza nani aliamua kikapu kiwe na pakiti tatu za tende na unga hamna?

Marekani kuna shirika linaitwa Feeding America. Linapokea chakula kutoka viwandani na maduka makubwa, linakigawa kwa benki za chakula zaidi ya 200. Hadi 2005 waligawa kwa foleni: zamu yako ikifika unaambiwa kuna lori la kitu fulani, unalitaka au hulitaki? Nia njema kabisa. Lakini makao makuu hawakujua ghalani kwako mna nini. Ikawa viazi vinapelekwa Idaho, jimbo ambalo viazi ndio zao lake!

Wakaitwa wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, mmoja wao Canice Prendergast. Wakaunda soko, tena lisilo na hata senti moja ndani yake. Kila benki ikapewa hisa, yaani sarafu ya kuhesabia tu, na wanaohudumia masikini wengi wakapewa nyingi. Mnada mara mbili kwa siku, kila mmoja anatuma dau lake kwa siri. Hisa zilizotumika zinagawiwa upya usiku kwa wote. Kumbe konifleksi zilitakiwa mno, mboga na viazi vikawa bei ya chini.

Wapo waliopinga: sisi tunalisha masikini, soko la nini tena? Wasiwasi wa haki huo, maana mnadani mkubwa humeza mdogo. Ndio maana wadogo wakaruhusiwa kukopa hisa, na kuungana kununua lori moja. Lakini hata hapo, anayepanga nani apate hisa ngapi ndiye mwenye rungu. Masikini asiyehesabiwa hana dau.

Sisi si wageni wa jambo hili. Mtume (s.a.w.) alipoombwa awapangie watu bei alikataa, akichelea kukutana na Mola wake huku kuna mtu anamdai dhuluma. Ila soko hakuliacha hivi hivi, bwana. Alikataza kuulaki msafara njiani kabla mwenye mali hajaijua bei ya mjini. Alikataza najshi, yule anayepandisha dau na kununua hataki. Bei hakuipanga, lakini mlango wa dhuluma aliufunga.

Sasa turudi kwetu. Ukimkuta mama anauza tende ulizompa apate hela ya mkaa, usimwite hana shukrani. Hakuulizwa. Na al-Baqara aya ya 267 inatuonya tusitoe kile ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Kama uko kwenye kamati, leo kabla ya kufunga vikapu piga simu msikiti wa jirani: wao wamezidiwa na nini, wamepungukiwa na nini? Badilishaneni. Kisha waulize wapokeaji watatu tu, wanahitaji nini.

Na yule asiyekuja kwenye foleni kwa kuona haya, wa aya ya 273, mfuateni mlangoni baada ya tarawehe. Bila kamera.

Allah atutakabalie. Aamin.