Mrogi Aliyejibandika Jina: Swali la Maadili katika Mũrogi wa Kagogo

Miongoni mwa vijana wetu wasomao, hazikosekani riwaya za kigeni zinazoendelea kitabu baada ya kitabu, ambamo mchawi wa mjini hupambana na mashetani na wanyonya-damu. Katika riwaya hizo mchawi huwa upande wa wema tangu ukurasa wa kwanza, na msomaji hatakiwi kulihoji jina lenyewe. Msomaji wa Nyeri, Karatina au Nanyuki hana raha hiyo. Katika Kigĩkũyũ, mũrogi ni mtu wa sumu na husuda. Aponyaye ni mũndũ mũgo. Kiswahili nacho humtenga mchawi na mganga, na kitenzi kuroga kimebeba uovu ule ule katika lugha zote mbili. Kwa hiyo Ngũgĩ wa Thiong'o alipoiita riwaya yake Mũrogi wa Kagogo, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2004, aliteua neno ambalo msomaji wake wa kwanza asingeweza kulisikia bila kushtuka. Tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwenyewe, iliyotoka mwaka 2006, haina mshtuko huo, maana neno lililotumika humo limekwisha kulainishwa na hadithi za watoto.

Swali linalotukabili ni hili: je, ni halali mtu mwema kuivaa ngozi ya mrogi ili kuwaponya watu?

Kamĩtĩ, kijana msomi asiye na kazi katika jiji la Eldares, hakukusudia kuwa mrogi. Akifukuzwa na polisi usiku pamoja na Nyawĩra, anatundika nje ya nyumba furushi la takataka za kutisha na onyo kwamba hapo ni kwa mrogi mkuu. Hila hiyo inafaulu kupita kiasi. Askari aliyekuwa akiwafukuza anarudi peke yake, si kumkamata mtu, bali kuomba aondolewe adui zake wanaomzibia njia ya cheo. Kamĩtĩ anamwambia amtazame adui huyo katika kioo cha fikira zake, kisha anakikwaruza kioo. Askari anaondoka ameridhika, bahati yake inageuka, na tangu hapo wateja wanapanga foleni.

Aghalabu wahakiki hulisifu tukio hili kwa ucheshi wake na kusonga mbele. Sisi twaona kwamba hapa ndipo penye uzito. Ni kweli kwamba hapana aliyedhurika: kilichokwaruzwa ni kioo. Lakini askari yule amekwenda zake akiamini kwamba amemdhuru mwenzake, naye amefurahi. Nia ya kudhuru imetimizwa moyoni mwake hata kama mkono haukufika popote. Kamĩtĩ ameuzuia uovu usitendeke, na papo hapo amemthibitishia mtenda wake kwamba uovu hulipa. Mũndũ mũgo wa kweli angemuuliza yule askari kwa nini anamchukia mwenzake. Huyu wetu, kwa kuwa amejifunga kwa jina la mrogi, hana budi kuuza kile ambacho mrogi hutarajiwa kuuza.

Hali ni tofauti kwa Tajirika, tajiri aliyeshikwa na maradhi ya kutoweza kusema lolote ila neno moja la masharti, “ikiwa”. Anapoletwa na mkewe Vinjinia, mrogi haongezi hofu juu ya hofu. Anamsaidia kuimalizia sentensi iliyomkwama kooni, na tamaa ya kuwa mweupe inatamkwa waziwazi. Hapo uongo wa furushi umekuwa mlango tu, na ndani yake mna tiba ya kweli. Tofauti ya matukio haya mawili ndiyo kipimo tunachokipendekeza: hila ya mrogi mwema yaweza kutetewa pale tu inapomfanya mgonjwa ajisikie akisema yake mwenyewe.

Riwaya imegawanywa katika sehemu sita, na kila sehemu imepewa jina la mashetani wa aina fulani: wa utawala, wa foleni, na wengineo. Mashetani hawa hawatoki kuzimu. Hata mawaziri wao wana majina ambayo Mswahili hahitaji kutafsiriwa: Machokali aliyekwenda London kupanuliwa macho, na Sikiokuu aliyekwenda Paris kupanuliwa masikio. Mnyonya-damu naye alikwisha kuingia katika kazi za Ngũgĩ mapema zaidi. Katika Shetani Msalabani (1982), ambayo asili yake ya Kigĩkũyũ iliandikwa juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti, Kimeendeeri anajigamba mbele ya wezi wenzake kwamba atajenga mitambo ya kuwakamua wafanyakazi jasho, damu na ubongo. Msomaji wa pwani atamtambua mara moja mumiani, na wazee wa Nairobi watakumbuka uvumi wa enzi ya ukoloni kuhusu wazimamoto walionyonya watu damu.

Linganisha na namna dola ilivyowatafuta mashetani. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, mwenyekiti wake akiwa Nicodemus Kirima, Askofu Mkuu wa Nyeri. Ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 1999, nayo ilikubali kwamba ibada hiyo ipo. Uchungu wa wazazi waliofika mbele ya tume hatuudharau. Hata hivyo, katika muongo ule ule hazina ya taifa ilikamuliwa kwa kashfa ya Goldenberg. Mtunzi na tume walitumia msamiati mmoja. Mmoja alimtafuta shetani penye fedha, na wengine wakamtafuta penye alama na mavazi.

Sheria ya uchawi ya mwaka 1925, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, humwadhibu ajitangazaye kuwa na uwezo wa kutia watu hofu, na pia humwadhibu amtuhumuye mwingine kuwa mchawi. Kwa kifungu cha kwanza Kamĩtĩ ni mkosaji bila shaka. Kifungu cha pili ndicho ambacho riwaya haikukigusa vya kutosha. Mtunzi anampa shujaa wake uwezo halisi wa kuuacha mwili na kuruka kama ndege, na hivyo anamwokoa na shitaka la uongo tulilolijadili. Twaiona hiyo kuwa njia ya mkato. Tena jina analolivaa Kamĩtĩ amejibandika mwenyewe, na aweza kulivua akaenda zake milimani.

Nyawĩra, anayesakwa na serikali, naye hujificha katika umbo la mrogi mwanamke achechemeaye. Kwake umbo hilo ni ngao. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma ya uchawi. Hao hawakutundika furushi lolote mlangoni.